Goti la Pili la Daktari Bingwa

Shoga, uko wapi? Nimetoka chumba cha upasuaji sasa hivi, siamini.

Bosi wetu, yule aliyerudi juzi na cheti cha mafunzo ya siku mbili, leo kaingiza kamera kwenye goti la mtu. Mgonjwa kapigwa ganzi ya mgongo tu. Yuko macho, anasikia kila kitu.

Na anayemwelekeza bosi ni muuza mashine ya hiyo kamera. Muuza mashine, shoga. "Zungusha kushoto, dokta. Kushoto kwingine."

Mgonjwa akauliza, "Dokta, hii ni mara yako ya ngapi?"

Bosi kifua mbele: "Ya pili."

Mgonjwa akashusha pumzi. Muuza mashine, kwa kiherehere chake, akadakia: "Ya kwanza ilikuwa goti la mbuzi, na alifanya vizuri sana."



Mgonjwa akauliza taratibu, "Huyo mbuzi anatembea?"