Maharagwe ya Mwalimu

Kendi mjukuu wangu,

Sisi hapa Kanyakine tuko salama. Goti la nyanya yako limepona, na ng'ombe wako amezaa ndama jike.

Umeniuliza kama uache mpira, kwa sababu ile programu ya simu ambayo kocha wenu hupimia wachezaji inakuweka wa mwisho kila wiki kwa kupoteza mipira mingi. Pole sana, msichana wangu.

Nilipokuwa winga wa shule, mwalimu wetu alikuja uwanjani na maharagwe mfukoni. Kila nilipopoteza mpira, alihamishia moja kwenye mfuko wa pili, kisha baada ya mechi aliyahesabu mbele ya wote. Niliona aibu, nikaanza kujificha nyuma ya beki wa wapinzani ili nisipewe mpira. Mechi ya kwanza niliyojificha hivyo, nilipata haragwe moja tu. Mwalimu alinipongeza, lakini tulifungwa mabao manne.

Jumatatu akachora uwanja kwenye vumbi, akanipa maharagwe ya mechi za awali. "Weka kila moja pale ulipopotezea mpira." Karibu yote yalirundikana pembeni, pale nilipopokea mpira nikiwa nimeligeuzia goli lao mgongo. Wiki nzima tulifanya zoezi la kugeuka tu.

Mechi iliyofuata nilipoteza mipira tisa, na nikafunga bao.

Kwa hivyo mpira usiuache, na simu usiitupe. Keti na kocha, muulize ni wapi unapopotezea mpira. Simu inajua umepoteza mipira mingapi, Kendi. Haijui ni nani alikuwa amejificha.

Ni mimi babu yako, winga mstaafu.