Shimo la Maji Chini ya Josho

Kituo cha Polisi Bukene, Jimbo la Magharibi
Tarehe 9 Septemba 1947

Jina: Apolinaria binti Silasi. Umri: miaka thelathini hivi. Kazi: mkulima. Dini: Mkatoliki. Makazi: ng'ambo ya mto, karibu na josho la ng'ombe.

Mimi ni mama wa marehemu Leonia, aliyefariki Jumapili kwa kutapika na kuharisha. Mume wangu Damas amemshtaki jirani yetu Mwanajuma binti Shomari kwamba alitia sumu katika shimo langu la maji. Mwanajuma yumo mahabusu humu. Nimekuja kusema hakutia kitu.

Mnamo mwezi wa Juni josho lilisafishwa. Dawa chakavu ya kuua kupe ilimwagwa katika shimo ukingoni mwa mto mkavu. Kornel, mwangalizi wa josho, alituambia tusiwe na wasiwasi, ardhi ikishaimeza yamekwisha. Tulimwamini. Sisi wa huku tunajua mchanga unasafisha maji; hata ya tope, ukichimba kando yake, yanatoka meupe.

Mwezi wa Agosti nilichimba shimo jipya la maji mchangani, chini ya josho, upande mto unakoelekea. Kwa desturi yetu aliyechimba hateki maji ya kwanza. Jirani humtekea na kuyamwaga. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwita Mwanajuma. Damas alimkuta ameinama, mkono umo shimoni, na hiyo ndiyo sumu anayoisema. Anauliza pia mbona watoto wa Mwanajuma ni wazima. Bwana Koplo, shimo lao liko juu ya josho, upande mto unakotoka. Maji yao hayajafika penye dawa.

Baada ya mazishi nilikwenda kutazama. Kutoka shimo la dawa hadi langu ukoka umekauka, upana wa mkeka, na pembeni ni mbichi. Nilipiga jembe hapo, nikakuta udongo una unyevu na vyura wamekufa. Ardhi haikumeza kitu. Ilikuwa inaisogeza ile dawa polepole, chini kwa chini, hadi kwa mwanangu.

Maji yalikuwa meupe, hayana harufu. Leonia aliyasifu. Nina hasira hadi nashindwa kulia, lakini si kwa Mwanajuma. Yeye ndiye aliyenishika mkono kaburini.

Sina zaidi. Niliyoyaona nimeyasema, wala sikutumwa na mtu.

(Dole gumba la kushoto la shahidi)

Nimemsomea shahidi maelezo haya, amekubali kuwa ni sahihi. Kabla ya kuweka dole aliomba maneno "mimi mwenyewe ndiye niliyemwita Mwanajuma" yasomwe tena, kwa sauti, mlango ukiwa wazi, kwa kuwa mumewe alikuwa amekaa barazani. Nikayasoma.

Koplo Nikolaus, Polisi Bukene