Kikapu cha Maji na Utepe Mwekundu

Al Mansoura, Doha
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dada Wakio,

Habari za hapo Wundanyi? Shemeji hajambo? Na goti la Mama linasemaje? Tafadhali usiniandikie kwamba "anaendelea vizuri", maana ndivyo mlivyoniambia wiki ile aliyolazwa. Niambie kama anapanda ngazi za kanisa peke yake au anashikwa mkono. Mimi ni mzima. Joto limepungua kiasi cha mtu kuweza kutembea hadi Najma mchana wa jirani bila kujuta.

Uliniuliza shule ninayofundisha inaitwaje, ili umjibu mwalimu mkuu wenu. Haina jina. Ni sebule. Nilipaswa kukueleza mapema, lakini kila nikianza kuandika nilikuwa na hasira, na gazetini nilizoea kutoandika nikiwa na hasira. Leo imepungua.

Mwajiri wangu, Doreen, ni muuguzi kutoka Nakuru. Binti yake, Shani, ana miaka kumi na mitatu na husomea nyumbani pamoja na Achieng, mtoto wa jirani wa ghorofa ya juu. Wote wako gredi ya saba, kama wanafunzi wako. Asubuhi napika na kusafisha, kisha nasimamia masomo. Mwanzoni mwa muhula Doreen alisema mbele ya Shani mwenyewe kwamba ikifika mwisho wa mwezi huu na haoni mtoto amejifunza kitu, atampeleka shule ya bweni Nakuru, karibu na mjomba wake. Nafasi ilikuwa imeshaombwa. Shani hajawahi kulala hata usiku mmoja mama yake akiwa nchi nyingine. Hakulia. Aliniuliza tu kama kwenye mabweni mtu anaruhusiwa kupiga simu siku za katikati ya wiki. Nilimwambia ukweli, kwamba mara nyingi haruhusiwi.

Sasa, vikapu. Doreen aliona kwenye simu kwamba watoto wanaosomea nyumbani hutengenezewa vikapu, kila kimoja na mada yake. Unaweka vitabu, vifaa, kadi za maswali na kazi za mikono, halafu mtoto anachagua mwenyewe aanzie wapi. Wazo si baya, na wewe ungelipenda. Tukatengeneza vitatu: Maji, Mkate, na Ramani. Cha Maji kilikuwa na kipimajoto, faneli, lenzi, karatasi za kuchujia, mitungi midogo ya glasi na kadi ishirini nilizoziandika mimi kwa mkono.

Kosa lilianzia hapo. Wodini kwa akina Doreen kuna toroli la dharura, la dawa na vifaa, linalofungwa kwa utepe. Kila zamu mtu hulikagua: utepe ukiwa mzima, maana yake hakuna kilichoguswa, basi anatia sahihi na kuendelea na kazi. Doreen amefanya hivyo miaka mingi na kumeokoa watu. Kwa hiyo akabandika orodha ndani ya kifuniko cha kila kikapu, akakifunga kwa utepe mwekundu, na kila jioni akawa anakagua na kutia alama ya vema kwenye karatasi iliyoning'inia kwenye friji. Mimi niliiona karatasi ile ikijaa alama nikaamini kazi inafanyika. Nilidhani anafunga utepe upya kila jioni. Sikumuuliza. Miaka kumi na minne ya kuandikia gazeti, Wakio, na nikakubali karatasi ya mtu bila kwenda kuangalia!

Jumanne ya wiki ya tatu nilitaka kadi moja kutoka kikapu cha Maji. Utepe ulikuwa na vumbi.

"Hiki mmekifungua lini?" nikawauliza.

Achieng akatazama dari. Shani akasema, "Anti, hatujakifungua."

"Hata siku moja?"

"Tukifungua vitu vitapotea, na Mama akihesabu akivikuta pungufu ataona hatuko siriasi."

"Na ile saa nzima ya vikapu mnayojifungia chumbani mnafanya nini?"

"Tunakilinda," akasema Achieng, na wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka.

Doreen aliporudi nilimweleza. Alinisikiliza akiwa bado na viatu vya kazi.

"Lakini vyote viko," akasema. "Nilivihesabu mwenyewe nikafunga, na utepe ni mzima."

"Ndiyo shida yenyewe, Mama Shani. Viko vyote kwa sababu hakuna aliyevitumia."

"Kwa hiyo kosa ni langu? Mimi nalala saa tano kwa siku, wewe unashinda nao hapa, halafu kosa ni langu?"

Nusu ya lile kosa ilikuwa yangu. Akasema zimebaki siku tisa, na kwamba kaka yake anasubiri jibu kuhusu ile nafasi.

Asubuhi yake nilikata utepe kwa kisu cha jikoni. Nikazitupa kadi zangu pembeni, nikawapa swali moja tu: maji ya Doha yanatoka wapi, na nani anaweza kuthibitisha? Tulianzia Najma kwa Kato, Mganda anayesambaza zile chupa kubwa za maji.

"Kwa kampuni," Kato akajibu.

"Na kampuni inayatoa wapi?" Shani akauliza, kalamu mkononi.

"We mtoto, mimi nabeba tu! Hapa umeona mto? Umeona mvua? Kauliza bahari."

"Naweza kuandika kwamba umesema baharini?"

"Andika. Lakini andika pia mgongo unaniuma."

Aliandika yote mawili. Siku iliyofuata tulishuka baharini na mtungi uliofungwa kamba. Ukapasuka kwenye mawe, tukashusha wa pili. Jikoni tulichemsha yale maji katika sufuria na kukinga mvuke kwa kifuniko. Mara ya kwanza walikausha yote wakaunguza sufuria. Mara ya pili walisahau kukinga. Achieng alivunja kipimajoto. Siku ya tano nilikuwa nimechoka kiasi cha kutaka kufunga utepe mwenyewe, na niliwafokea kwa jambo la faneli ambalo halikustahili kufokewa.

Siku ya tisa Doreen alirudi alasiri na kwenda moja kwa moja kwenye kikapu. Akahesabu mara mbili.

"Vimepungua kumi na kimoja," akasema. "Kumi na kimoja, Dada Mghoi. Ndiyo kujifunza huku?" Akatoa simu na kumpigia kaka yake hapo hapo. Nikaisikia ikiita.

Shani alikuja na kifuniko cha sufuria mikononi, akitembea polepole kama aliyebeba uji. "Mama, onja haya matone. Usinywe yote, ni kazi ya saa nzima."

Doreen akachovya kidole, simu ikiwa sikioni. "Hayana chumvi."

"Sasa onja yaliyobaki kwenye sufuria."

Alionja, akatema kwenye sinki. Kwenye simu mwanamume akawa anasema, "Haloo? Haloo?"

"Yote ni ya mtungi mmoja?" Doreen akauliza.

"Mmoja. Nimeyachota mwenyewe."

"Kwa nini chumvi haikupanda na mvuke?"

Shani akafikiri. Nilijua jibu nikanyamaza, na haikuwa rahisi. "Hapo bado sijajua," akasema. "Nitakwambia Jumatatu."

Doreen akarudi kwenye simu. "Kaka, ile nafasi mpe mtoto mwingine. Huyu ana kazi Jumatatu."

Usidhani nimefurahi kama mtu aliyeshinda. Wiki tatu zimepotea, sufuria nzuri imeharibika, na kikapu cha Mkate hatujakigusa. Lakini mtoto yuko hapa, amelala kifudifudi sakafuni na kitabu cha sayansi, na ameniuliza mara mbili nikakataa kumjibu.

Mpe pole Mama kwa goti. Nisalimie shemeji, na Mjomba Mwakio anayetunza ufunguo wa bomba la mtaa, umwambie kuna msichana huku angependa kumhoji. Nisalimie pia gredi ya saba yako yote.

Ni mimi mdogo wako,
Mghoi