Uzi Mweupe wa Decha

Shangazi Lamduan mpendwa,

Naomba msaada wako, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Mimi nauza papai bichi la kuponda hapa Yasothon, na siku ya sherehe ya kurusha maroketi ya kuomba mvua kijana wa jirani, Decha, alilewa akamkimbiza mwenzake na panga, mimi nikaingia kati, likanikata mkono wa kulia, na tangu hapo vidole havikunjiki, mchi siushiki, kibanda nimekifunga. Alipotoka kwa dhamana mama yake alimleta kwangu na shada la maua, wakapiga magoti, nami nikamfunga uzi mweupe wa baraka kwenye kifundo cha mkono mbele ya watawa, ncha moja nikiishika kwa meno, nikasema nimesamehe, yameisha, na nilisema kwa moyo wote. Sasa amenijia mwanasheria, Phatcharin, binti mdogo lakini sijaona mtu kama yule, anapita matopeni na pikipiki yake, anakaa chini nasi anakula wali wa kunata, anasema serikali ina fedha za kuwasaidia waliojeruhiwa na wahalifu, za matibabu na za kipindi ambacho siwezi kazi, naye atanisimamia bure mpaka mwisho, ila muda wa kuomba unakwisha mwezi huu. Nimemkatalia, Shangazi, kwa sababu nikichukua hela ya jeraha naona nitakuwa nimeuuza msamaha wangu. Mume wangu ananitania, “Haya mtakatifu, leo tunapika utakatifu gani?” Phatcharin hakunicheka. Alisema tu, “Mama, Ijumaa nakuja tena. Ukikataa, nitakula wali niende zangu.” Na daktari anasema bila mazoezi ya kulipia vidole vitabaki hivi hivi. Nifanye nini?

Bunruam

Mama Bunruam,

Barua yako imenifanya nitake kukukumbatia, kisha nikufinye. Kumsamehe aliyekukata huku kidonda bado kibichi, mimi nisingeweza, na kazi yangu ni kushauri watu.

Lakini nani kakuambia serikali nayo uliifunga uzi? Uliyemsamehe ni Decha. Hela hii haitoki mfukoni mwake wala mwa mama yake, na kuipokea si kumdai. Huku kwetu tukishasema yameisha, tunadhani hata mkono umesikia. Wako haujasikia.

Na huyo Phatcharin, mama, unamkatalia kwa kipi? Mwanasheria anayefukuzwa kwa heshima na bado anarudi na pikipiki yake matopeni, wenzako wengi wanamtafuta hawampati. Namvulia kofia binti huyo. Ijumaa mpe karatasi za hospitali na za polisi, mweleze habari ya uzi kama ulivyonieleza mimi, kisha weka sahihi, hata kwa kushoto. Mumeo apike wali, utani auache mlangoni.

Halafu nenda kwenye mazoezi, usikose. Uzi wa kwanza wa Decha uliushika kwa meno. Utakaomfunga siku ya harusi yake, kama tunavyowafunga maharusi wote, nataka uufunge kwa mikono miwili.

Shangazi Lamduan