Kinu cha Upepo cha Maulid

Guangzhou, Ijumaa

Mdogo wangu Najat,

Salamu ziwafikie wewe na mama. Mie mzima, ila mvua huku haikatiki. Kitambaa cha harusi yako nimeshakipata, fundi wa mtaa wa Kangle hapa mjini anakishona.

Unaikumbuka ile picha ya mchumba wako Maulid, aliyosema kapigwa Uingereza mbele ya kinu cha upepo? Alikwambia kazi yake ni kukitunza: kilijengwa kwa matofali miaka mia mbili nyuma, kofia yake ya mbao huzunguka kuufuata upepo, na ndani mna mawe mawili yaliyokuwa yakisaga ngano. Mie tangu hapo shaka haikunitoka, maana nyuma yake niliona mianzi kama hii ya huku China.

Jumatatu nikapita bustani moja hapa mjini, wanakopigia picha maharusi. Kinu kile kile kipo. Nikakigonga. Ni saruji iliyopakwa rangi ya matofali, na ndani mna mafagio tu. Maulid alikuwa pale, anamfunga tai bwana harusi wa Kichina.

"Dada Mwatima," akasema, "Uingereza sijafika hata siku moja. Nisitiri, nitamwambia mwenyewe."

"Nakupa siku tatu," nikamjibu.

Leo ni ya nne. Asubuhi umenipigia simu unacheka, unaniagiza makoti ya baridi, maana Maulid kakwambia mkishaoana mtahamia Uingereza. Ndiyo maana nimeandika.

Nisamehe,
Dada yako Mwatima