Kurasa Arobaini za Kitabu cha Nadia

Rumonge, siku ya soko

Binti yangu Nadia,

Amahoro. Huku tuko wazima, mawese iko bei nzuri, na baba yako mudogo bado anavaa vizuri kuliko wafanyabiashara wote wa soko hili.

Lakini umenichosha. Mutu aliyeishia darasa la sita unamutumia kurasa mia mbili, eti aseme kama uchapishe. Nikasoma arobaini, nikatangaza pale sokoni, kwenye mapipa yangu ya mawese, kwamba kitabu hakina ladha. Mke wangu akanikatiza mbele ya wateja: "Wewe hununui pipa bila kuzamisha kijiti mpaka chini, kutafuta maji waliyoficha wauzaji. Kitabu cha mutoto ndiyo unaonja juu juu?" Wakacheka. Mimi niliyefika Uvira, Kigoma mpaka Lusaka, nikainama kufunika mapipa.

Jibu nilikuwa nalo. Ukurasa wa arobaini ndipo baba yako Hamidou anapanda ule mutumbwi uliozama, wakati wa kukimbia vita, na mudogo wake anakataa kupanda, anabaki ufukweni kulinda mapipa ya mawese. Umeandika kwamba Hamidou alimuita mara tatu. Najua ni mama yako alikuambia, na najua amenihurumia.

Aliniita mara nne, Nadia.

Sahihisha hapo. Halafu njoo unisomee zilizobaki wewe mwenyewe, maana peke yangu siwezi.

Anayekugombeza na kukuombea,
Baba yako mudogo, Ismaili