Baba alipolainisha mawimbi yangu

Jumanne. Mbinga imeamka na ukungu, na baridi ya Julai inauma vidole. Lakini jioni hii nacheka peke yangu.

Jumamosi wakwe watarajiwa wa mdogo wangu Edina wanapanda kutoka Lipingo, kule ziwani, kuja kujitambulisha. Nilijitolea kupiga lipu ya nakshi sebuleni, kwenye ukuta unaotazama mlango. Ndiyo kazi niliyojifunza Songea, na hapa nyumbani hakuna aliyewahi kuiona. Nikiri tu: wageni walikuwa kisingizio. Nilitaka baba aone.

Asubuhi nilipaka tabaka la juu, nikalichora kwa chanuo la bati likiwa bado bichi. Mawimbi, kama ziwa la wageni wetu. Yakatoka vizuri mno. Nikaenda bombani kuosha vifaa.

Niliporudi nilimkuta baba na mwiko wake wa zamani. Nusu ya ukuta ilikuwa laini kama yai.

Nilitaka kulia.

Baba alijenga nyumba nyingi za mtaa huu kabla mgongo haujamstaafisha. "Nimekusogezea kazi, mama," akasema, uso umejaa furaha. "Niliona mikwaruzo, nikajua umechoka. Wageni wasije wakasema binti yangu hawezi kumalizia."

Hasira ikaniisha palepale. Kumbe alikuwa ananisitiri.

"Baba, mikwaruzo ndiyo urembo wenyewe."

Akautazama ukuta, akanitazama mimi. "Na watu wanaagiza hivi?"

"Wanaagiza, baba."

Alicheka mpaka akashika mlango.

Lipu ilikuwa inaanza kukauka. Nikainyunyizia maji, nikampa chanuo, nikamwonyesha mkono unavyopinda. Mara mbili alikosea, akafuta. Mara ya tatu wimbi likaenda kona hadi kona bila kusita. Mimi sijawahi kufika hivyo. Huwa nasimama katikati kuvuta pumzi.

Mama akaingia na chai. Tulimwuliza upande upi ni wa fundi aliyesoma. Akaonyesha wa baba.

Iliniuma kidogo. Kidogo tu.

Sasa nataka na ukuta wa dirishani upate mawimbi. Nimeamua: kesho baba atauchora wote, mimi nitamkorogea lipu. Na Jumamosi wakwe wakiuliza fundi ni nani, sijui kati yetu wawili nani atawahi kujibu.